Jirani Asingoje Hadi Jumamosi

Mtaani kwetu mtu akifariki alfajiri, saa tatu asubuhi turubai limeshasimama. Viti vimefika, masufuria ya jumuiya yametolewa stoo, kijana mmoja amekaa mlangoni na daftari anaandika rambirambi, na akina mama wameshagawana kazi: huyu mchele, huyu kuni, huyu maji. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa mchapakazi au mvivu. Hakuna anayesema tukutane kwanza tujadili. Hadi jioni zimepatikana laki tano au sita, na zimetoka mifukoni mwa watu wale wale ambao wiki mbili nyuma, ndugu yao huyo huyo alipokuwa kitandani akihitaji elfu arobaini za vipimo, walisema hali ni ngumu.

Misiba siigombezi. Kuzikana ni heshima, na atakayeuvunja utaratibu huo atatuachia pengo kubwa. Ila utaratibu huo unatufundisha jambo. Watu hawawezi kuwa na roho ngumu Jumatatu kisha wakawa na huruma Alhamisi. Huruma wanayo siku zote. Msiba unakwenda mbio kwa sababu ulishaandaliwa zamani: kila mtu anaijua kazi yake, kiwango chake na saa ya kufika. Mgonjwa, mwenye njaa na aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba hawajaandaliwa kitu. Shida yao inasubiri kikao cha jumuiya, Jumamosi asubuhi, baada ya sala, baada ya somo, baada ya taarifa ya michango ya ujenzi, kwenye kile kipengele cha mwisho kinachoitwa mengineyo, wakati nusu ya waliohudhuria wanaangalia saa. Mwenyekiti anasema Mama Fulani anaumwa. Tunasema pole. Tunakubaliana tumtembelee. Lini? Tutapanga.

Kwa hiyo ushauri wangu hauanzii kwenye kuwaomba watu wawe na upendo zaidi. Naanzia kwenye maandalizi, kwa sababu naamini wengi wetu tunaposhindwa amri ya kumpenda jirani, tunashindwa kwenye ratiba.

Kuna ushahidi wa hilo. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mfano wa Msamaria Mwema kuwa ndiyo mada. Kwenye kichochoro cha kupitia walikuwa wamewekewa mtu aliyejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa kwamba wameshachelewa na wanasubiriwa, walisaidia asilimia 10 tu. Kuwa na mada ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana, na watafiti waliandika kwamba wapo waliomruka mtu yule wakiwa njiani kwenda kumzungumzia Msamaria.

Nikisoma Luka sura ya 10 baada ya kujua hayo, yule kuhani na yule Mlawi waliompita majeruhi naanza kuwaelewa. Luka hasemi walikuwa wakatili. Wahubiri wengi hukisia kwamba waliogopa unajisi, na huenda ni kweli, lakini mimi nawaona zaidi kama watu wenye zamu. Ile barabara ya kutoka Yerusalemu kushuka Yeriko ina takriban kilomita 27 na inateremka karibu mita 1,000, mawe pande zote. Mtu mwenye ratiba hapendi kusimama hapo.

Ushauri wa kwanza basi ni wa bei rahisi kuliko yote: toka nyumbani mapema. Ukijipa nusu saa ya ziada unapokwenda kazini au ibadani, utaweza kusimama mama wa nyumba ya tatu atakapokuita dirishani. Na ninyi viongozi wa kwaya, ambao faini zenu za kuchelewa mazoezi nazijua, ongezeni kifungu kimoja: aliyechelewa kwa sababu alikuwa anampeleka jirani zahanati hatozwi.

Baada ya miguu, angalia ulimi. Tunazo njia nyingi za kumwahirisha mtu kwa adabu. "Nitakucheki." "Ngoja niangalie angalia." "Nipe hadi mwisho wa mwezi." Kitabu cha Mithali, sura ya 3, kinamkataza mtu kumwambia jirani yake aende arudi kesho ilhali kitu anacho hapo hapo. Zingatia sharti hilo la mwisho. Maandiko hayakudai usichonacho. Kama huna, sema sina, na useme saa hiyo hiyo. Kuna baba anaambiwa na watu watano "nitakucheki," anakaa siku nne anaisikilizia simu, na mwanawe bado amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Laiti angeambiwa sina na wale watano, siku ya kwanza tu angekwenda kwa wa sita. "Sina" inayosemwa upesi na kwa upole inamwokolea mtu siku zake.

Kauli nyingine ya kuiangalia ni "ukihitaji chochote usisite kuniambia." Inasemwa kwa nia njema, nami nimeisema mara nyingi, lakini inamwachia mwenye shida kazi mbili juu ya shida yake: afikirie aombe nini, kisha aukaze uso wake aje aombe. Mwenye mgonjwa ndani hana nguvu hizo. Sema kitu chenye saa na jina: "Kesho asubuhi naleta uji." "Neema nitampitia shuleni pamoja na wangu." "Leo usiku nalala mimi hospitali, wewe kapumzike." Akikataa atakataa, lakini umempa kitu cha kukubali.

Na sala? Tuombeane, bila shaka. Yakobo katika sura yake ya 2 anamsema mtu anayemuaga ndugu aliye uchi na mwenye njaa kwa maneno ya heri tu, bila kumpa mahitaji ya mwili. Sala isiwe namna ya kufunga mazungumzo. Mimi nashauri hivi: usimwambie mtu "nitakuombea." Omba naye hapo hapo, dakika mbili zinatosha, kisha uliza ndani mna nini cha kula.

Hapo ndipo ugumu mwingine unapokuja, kwani wengi hawatakuambia. Watu wa mjini tunakufa na tai shingoni. Mtu amesimamishwa kazi mwezi wa pili sasa, kila asubuhi anachomekea shati na kutoka ili majirani wasijue. Ukisubiri aombe, utasubiri sana. Jifunze kusoma dalili. Mtoto anatumwa kuomba chumvi leo, kesho unga, keshokutwa kibiriti. Taa za nyumba fulani haziwaki siku ya tatu na umeme mtaani upo, maana yake luku imeisha. Mama aliyekuwa hakosi jumuiya sasa anakosa, na ukiulizia unaambiwa ana udhuru. Huenda udhuru wenyewe ni kwamba sadaka hana na anaona aibu kukaa mikono mitupu.

Na kama unataka kujua hali ya mtaa kuliko mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kaa na Mangi wa dukani. Lile daftari lake la madeni lina habari zote. Anajua nani alikuwa akinunua mchele kilo tatu na sasa ananunua nusu, nani ameacha sukari, nani anatuma mtoto kwa sababu mwenyewe anaona haya. Usimwombe akusomee majina, si haki yako. Mwambie tu: "Kuna mtu hapa ambaye usiku huu watoto wake hawatakula?" Akiitikia kwa kichwa kwamba yupo, mwachie elfu kumi aikate kwenye deni la huyo mtu na kumpimia unga. Hutajua ni nani, naye hatajua ni wewe. Yesu alipozungumza juu ya sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui kilichofanywa na wa kulia, sidhani kama alikuwa na njia rahisi zaidi ya hiyo. Nalisema hili pia kwa wale ambao hawawezi kutoa kilo tano za unga bila kupiga picha na kuiweka kwenye status.

Sasa nirudi kwenye jumuiya, maana huko ndiko kuliko na nguvu kuliko mtu mmoja mmoja.

Kanisa la kwanza lilikutana na tatizo hili mapema sana. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahaulika katika mgawo. Mgawo wenyewe ulikuwa wa kila siku. Njaa ya Jumatatu haikungoja Jumamosi. Mitume hawakuitisha mafungo wala hawakuwataka wajane wavumilie. Waliagiza wateuliwe watu saba, wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi hiyo. Majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani, kana kwamba upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa ghala. Wajane wa upande wa pili walilichukuliaje jambo hilo, Luka hasemi. Anachosema ni kwamba kazi iligawiwa na neno la Mungu likaenea.

Fanyeni hivyo hivyo, kwa kiwango chenu. Chukua jumuiya ya kaya ishirini. Kila kaya ikitoa elfu moja kwa wiki, baada ya wiki kumi na tatu mna laki mbili na sitini. Fungu hilo lisichanganywe na ujenzi wala na zawadi ya mchungaji au paroko. Chagueni watu watatu, na mmoja wao awe mtu ambaye yeye mwenyewe amewahi kupita kwenye dhiki, kwa sababu anajua aibu ya kuomba inavyokuwa. Wapeni idhini ya kutoa hadi elfu hamsini bila kikao. Neno hilo, bila kikao, ndilo linalofanya kazi hapa. Watoe kwanza, wataarifu baadaye, na kwenye taarifa waandike kiasi na sababu bila jina. Sehemu ya fedha ikae taslimu kwenye nyumba mbili tofauti, kwa kuwa saa nane usiku simu ya mhazini itakuwa haina chaji. Hilo ni kama sheria ya maumbile. Kisha fungu lisikopeshwe. Siku litakapoanza kukopeshwa limekuwa kikoba, na vikoba tunavyo vya kutosha.

Ndani ya nyumba pia kuna idhini ya kupeana. "Ngoja nimuulize mama watoto" au "ngoja baba arudi" imeshachelewesha mengi. Kaeni wawili, mkubaliane kiasi ambacho yeyote kati yenu anaweza kumpa jirani bila kumuuliza mwenzake. Kiwe elfu tano, kiwe elfu ishirini, mtajua wenyewe.

Kwenye ugonjwa niruhusuni nikae kidogo, maana huko kuchelewa kunahesabiwa kwa saa. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu vifo vya wajawazito, wakaeleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa tatu ni wa hospitali na serikali. Aina mbili za mwanzo ni za nyumbani na mtaani, na hapo jirani ana nguvu kuliko daktari. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Nyumbani wanasubiri mume arudi aamue. Jirani mwenye umri na heshima akiingia akasema "tunaondoka sasa, mimi nitazungumza na baba," ameshaondoa ucheleweshaji wa kwanza.

Wa pili unaondolewa mchana, kabla hakujatokea kitu. Andikeni kwenye karatasi, mbandike nyuma ya mlango, namba za madereva wawili wa bajaji au wenye gari wanaopokea simu usiku, na namba ya muuguzi anayeishi karibu. Kwa Tanzania ongezeni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ambao husafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Na 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto, kwa siku mtakaposikia mtoto wa jirani analia kwa namna isiyo ya kawaida. Hiyo nayo ni shida ya jirani, na wengi tunaiita mambo ya ndani ya watu. Walioko Kenya wajue kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Anayemsindikiza mgonjwa akiijua ibara hiyo anaweza kuitaja mapokezini kwa sauti ya chini na ya kiungwana.

Halafu damu. Familia nyingi hukimbizana kutafuta wachangiaji mgonjwa akiwa tayari kwenye machela. Jumuiya ikiwa na orodha ya watu wenye afya wanaolijua kundi lao la damu, simu tatu zinatosha. Mwanamume huchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, hivyo andikeni na tarehe ya mwisho ya kuchangia. Orodha ya namna hiyo haigharimu hata shilingi.

Najua kinachokuja: matapeli. Ni kweli wapo. Kuna mwenye cheti cha hospitali kilichokunjamana ambacho kimezunguka makanisa yote ya mjini, na kuna ujumbe wa simu kutoka kwa "shangazi" ambaye namba yake umeiona leo. Lakini tusifanye uchunguzi kuwa kichaka cha kujifichia. Angalia alivyofanya Msamaria. Majeraha aliyatibu kwa mafuta na divai aliyokuwa nayo, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, na fedha akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni: dinari mbili, ujira wa siku mbili wa kibarua. Hakumuuliza mtu yule historia yake, ila fedha ziliingia mahali palipotoa huduma. Fuata njia hiyo. Anayesema hana dawa, nenda naye duka la dawa. Anayesema ada, lipa kwenye akaunti ya shule. Mwenye njaa mpe chakula kwanza, maswali yatafuata akiwa ameshiba. Mara moja moja utatapeliwa sahani ya wali. Hasara hiyo kanisa linaweza kuibeba.

Kuna pia wanaojitetea kwa Maandiko: mbona Yesu mwenyewe aliposikia Lazaro anaumwa alikaa siku mbili pale alipokuwa? Ni kweli, iko Yohana sura ya 11. Lakini alikuja akamfufua. Asiye na uwezo huo asijipe ruhusa ya kukaa siku mbili. Mfano unaotufaa sisi uko Matendo sura ya 9, pale wanafunzi wa Yafa walipotuma watu wawili kwa Petro aliyekuwa Lida, wakimsihi asikawie. Petro akaondoka nao.

Na wanaosema "nikipata kubwa nitasaidia" wana jibu la zamani sana. Katika njaa ya mwaka 368 na 369 huko Kaisaria ya Kapadokia, eneo ambalo leo ni Uturuki, padri Basili, ambaye baadaye alikuwa askofu na akaitwa Basili Mkuu, aliwabana matajiri wafungue maghala, akawakusanya wenye njaa na kuwalisha kwa masufuria ya supu ya kunde. Aliwacheka waziwazi wale walioahidi kuwapa maskini kwa wosia, yaani watatoa wakishakufa.

Jambo moja husahaulika kabisa. Kabla hujamtafuta mhitaji wa mbali, angalia unadaiwa na nani. Torati, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, inataka kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Kwenye nyumba zetu za Kikristo kuna dada wa kazi anayeambiwa mshahara wake "unatunzwa." Kuna fundi aliyepaka rangi tangu Pasaka, kuna mama wa mboga aliyeacha mafungu matatu ya mchicha kwa ahadi. Hao si wa kusaidiwa, wanadai haki yao, na dhiki waliyonayo huenda tumeitengeneza sisi. Mtu aliyemlipa dada wa kazi tarehe aliyoahidi ametangulia mbele ya aliyepeleka sabuni kituo cha yatima huku akidaiwa miezi miwili.

Usishangae pia kwamba mwenye gari anayefika wa kwanza usiku mara nyingi si wa jumuiya yako. Ni Mzee Hamisi wa nyumba ya pili, anayetoka kuswali alfajiri. Mfano wa Yesu ulikuwa hivyo hivyo: aliyesimama barabarani hakuwa wa hekaluni. Namba ya Mzee Hamisi iwe kwenye ile karatasi ya nyuma ya mlango, na yeye awe na yako.

Mwisho, wiki ya tatu. Siku za kwanza nyumba ya mgonjwa hujaa watu, chai inapikwa hadi sukari inaisha, na anayefariji na anayetaka habari wote wamekaa kochi moja. Wiki ya tatu hakuna mtu, na hapo ndipo akiba imekwisha na kodi imefika. Msamaria alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atalipa gharama itakayozidi, kwa hiyo alikuwa na safari ya pili akilini tangu siku ile. Kwa kila shida mnayoishughulikia, mtajeni mtu mmoja kwa jina atakayerudi baada ya siku ishirini. Aende peke yake, jioni, wakati wa kupika, na akifika aombe maji ya kunywa, ili apite jikoni.